Mchezo wa Video Usio na Damu, Je, Hauna Jeuri?

Katika mikutano na wazazi na viongozi wa wahami tunaulizwa mara nyingi swali moja: "Huu mchezo unafaa kwa mtoto ama ni wa vita?" Anayeuliza huwa ameshika simu ya kijana wake mkononi, au anaonyesha kwa kidole kibanda cha jirani chenye televisheni moja, jenereta ndogo na watoto ishirini waliobanana kwenye benchi. Tangu kambi za pembezoni mwa Goma zilipofungwa mwezi wa pili 2025, familia nyingi zinaishi kwa wenyeji waliozipokea, wakati mwingine watu kumi na wawili katika vyumba viwili. Mtoto hana pa kukaa ndani, kwa hiyo anashinda kwenye kibanda. Mzazi anataka kujua anajifunza nini kule.

Jibu fupi ni hili. Alama ya umri iliyo kwenye boksi la mchezo inahesabu hasa kile ambacho jicho linaona: damu, kidonda, sura inayofanana na mtu wa kweli. Haihesabu sana kile ambacho mkono wa mtoto unafanya, wala anamfanyia nani, wala analipwa nini kwa kukifanya. Kwa familia iliyokimbia vita, hayo matatu ndiyo yenye uzito. Tuyaangalie polepole.

Alama zilitoka wapi

Mwaka 1993 huko Marekani mchezo wa kupigana unaoitwa Mortal Kombat uliingia majumbani. Mshindi aliweza kumng'oa mwenzake moyo au kichwa. Uliuzwa kwa mashine za makampuni mawili. Kampuni ya Nintendo iligeuza damu ikawa kama jasho la kijivu. Kampuni ya Sega iliiacha damu, ila iliificha mpaka mchezaji abonyeze vibonye kwa mpangilio fulani wa siri. Ngumi zilikuwa zilezile na walioanguka walikuwa walewale. Kilichobadilika zaidi ni rangi. Hata hivyo rangi ndiyo iliyozua kelele kubwa: mwezi wa Desemba mwaka huo maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliyaita makampuni mbele ya Seneti, na mwaka 1994 makampuni yenyewe yakaunda chombo cha kupima michezo, ESRB. Herufi E maana yake ni kwa watu wote. Mwaka 2005 iliongezwa alama ya kuanzia miaka 10. Herufi T ni kuanzia miaka 13, na M ni kuanzia 17.

Ulaya walianzisha alama zao, PEGI, mwaka 2003: 3, 7, 12, 16 na 18. Ukisoma maelezo yake utaona ngazi inavyopanda. Kwenye 3 inaruhusiwa jeuri ya kuchekesha, kama ya vikatuni ambamo paka anapigwa sufuria kichwani na kuinuka tena. Kwenye 7 jeuri haionyeshwi kwa undani na haifanani na ya kweli. Kwenye 12 viumbe vya kubuni vinaweza kupigwa kwa uwazi zaidi kidogo, na wanaofanana na watu wanapigwa kwa namna isiyo ya kweli. Kwenye 16 jeuri inafanana na ile ya maisha yetu. Kwenye 18 kuna ukatili mkubwa, kuua bila sababu, au kuwatendea jeuri wasioweza kujitetea.

Basi, ngazi hii inapanda kwa kufuata mfanano na ukweli. Swali la nani anapigwa, kama anaweza kujitetea ama hawezi, linajitokeza wazi kwenye ngazi ya juu kabisa tu. Mimi naona lingeanza chini kabisa.

Isieleweke kwamba michezo yote ya watoto ni mibaya. Tangu mwaka 1985 Mario anaruka juu ya viumbe vidogo, vinakuwa bapa kama chapati na kupotea. Katika michezo ya Lego watu wanavunjika vipande vya plastiki na kuungana tena. Katika Pokémon wanyama wanapigana mpaka mmoja anazimia, kisha anapelekwa kutibiwa. Sijamwona mzazi aliyekosa usingizi kwa sababu ya haya, na mimi sitamwambia aanze leo.

Kuna shida nyingine iliyo yetu hasa: alama zenyewe hazitufikii. Diski za vibandani nyingi ni za kunakiliwa, hazina boksi, jina limeandikwa kwa kalamu juu yake. Mchezo wa mpira wa miguu umelala kwenye katoni moja na GTA San Andreas wa mwaka 2004, ambao Ulaya una alama ya 18. Kwenye Play Store ya simu alama zipo, 3+, 7+, 12+ na kuendelea, lakini mtoto anayerushiwa mchezo kutoka simu ya rafiki haupitishi dukani. Hajawahi kuiona alama hata moja.

Walioketi na kuhesabu

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Kimberly Thompson na Kevin Haninger, walitoa matokeo ya kazi ambayo naipenda kwa sababu ni rahisi kuielewa. Walichukua michezo 55 yenye alama ya E, yaani ile ambayo mzazi ananunua bila wasiwasi, wakaicheza na kuhesabu. Walikuta jeuri ya kukusudia katika michezo 35. Katika hiyo, jeuri ilichukua kwa wastani karibu asilimia 31 ya muda wa kucheza. Katika michezo 33, mchezaji alizawadiwa kwa kuumiza wengine, au hakuweza kuendelea mbele bila kuwaumiza.

Walipataje hesabu kubwa namna hiyo katika michezo ya watu wote? Kwa sababu ya maana waliyoipa jeuri: ni tendo ambalo mshambulizi anamletea mhusika mwingine jeraha au kifo, au anajaribu kumletea. Ajali hawakuihesabu, wala maafa ya asili kama mafuriko. Maana hiyo haiulizi damu iko wapi, wala haiulizi kama aliyepigwa ni mtu, sungura ama jiwe lenye macho. Inauliza kama kuna mmoja aliyekusudia kumuumiza mwingine.

Utafiti huo ni wa zamani na michezo imebadilika sana. Tena ulihesabu michezo, haukupima watoto. Lakini maana ile iko karibu na jinsi sisi wenyewe tunavyosema. Tuna maneno kadhaa: fujo, ugomvi, jeuri, ukatili. Watoto wanaoshindana miereka mchangani hatusemi wana ukatili, hata mmoja akichubuka goti. Lakini mtu akichoma ghala la mjane tunasema ni ukatili, ijapokuwa hakuna aliyetokwa na damu. Lugha yetu inatazama tendo na yule aliyetendewa.

Kijiji kinachovamiwa usiku

Chukueni mchezo wa Minecraft, uliotengenezwa Uswidi na kutolewa kikamilifu mwaka 2011. Ulaya una alama ya 7. Kila kitu ndani yake ni matofali: mtoto anachimba, anajenga nyumba, analima ngano, anafuga kondoo. Wazazi wengi duniani wanausifu, na wana haki.

Lakini usiku ukiingia, wafu wanaotembea wanatoka gizani. Kwenye kiwango kigumu wanaweza kuvunja mlango wa mbao wakaingia ndani. Kuna kiumbe cha kijani kinachokuja bila sauti mpaka karibu, kinalipuka, na ukuta uliojenga unabomoka. Tangu mwaka 2019 kuna pia makundi ya wavamizi wenye pinde na mashoka wanaoshambulia vijiji. Kengele ya kijiji inalia na wanakijiji wanakimbilia ndani ya nyumba.

Msomaji wa Masisi ama Rutshuru hahitaji nimweleze zaidi.

Mtoto aliyelala maisha yake yote nyuma ya mlango usiovunjwa anaona hapo burudani, hofu kidogo yenye utamu. Mtoto aliyetolewa kitandani saa nane za usiku na kubebwa mgongoni mpaka asubuhi anaweza kuona kitu kingine kabisa. Alama ya 7 haimfahamu huyo wa pili. Niliona mtoto wa miaka tisa hivi akijenga ukuta wa tatu kuzunguka nyumba yake, nyumba isiyo na dirisha wala mlango, na wenzake wanamcheka. Hakuwa ameua kitu chochote mchana kutwa. Sikujua kama nimwachie ama nimwite nje, na sidhani kuna jibu moja kwa watoto wote. Mama yake alisema wamwache, kwa maana alikuwa ametulia.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba katika mchezo huohuo kuna kiwango cha amani. Ukikichagua, wavamizi na wafu wote wanaondoka, kunabaki kujenga na kulima. Mwenye kibanda anaweza kukiweka kwa nusu dakika.

Mfano mwingine ni Clash of Clans, wa kampuni ya Supercell ya Finland, mwaka 2012. Una kijiji chako. Unakijenga, unaweka kuta na mizinga. Kisha unatuma askari kwenye kijiji cha mchezaji mwingine, wanabomoa nyumba zake na kuchukua dhahabu yake. Ukibomoa nyingi unapewa nyota, mpaka tatu. Askari wako wakianguka hawatoki damu hata tone, ni vikatuni, na kinachobaki ni kijiwe kidogo cha kaburi. Kwa jicho ni mchezo safi. Kwa mkono ni kuvamia na kupora, na hakuna njia ya kukua haraka bila kupora. Vijana wanasema ni hesabu na akili, kama kucheza dama. Ni kweli, akili imo nyingi. Waliopanga kuvamia vijiji vyetu nao walitumia akili.

Mchezo uliofukuzwa dukani

Kuna kisa kinachotugusa Wakongomani kwa karibu. Mwaka 2011 kikundi cha watengenezaji kiitwacho Molleindustria kilitoa mchezo wa simu, Phone Story, unaoeleza simu inatoka wapi. Katika hatua ya kwanza, watoto wanachimba koltani Kongo, na mchezaji anaongoza walinzi wenye silaha wanaowafokea wasipumzike. Picha zake ni vikatuni vidogo sana. Mwezi wa Septemba mwaka huo kampuni ya Apple iliuondoa kwenye duka lake, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba unaonyesha jeuri au unyanyasaji wa watoto.

Mchezo ule haukuwa wa kumpa mtoto, ulitengenezwa ili watu wazima wafikiri, na mtu anaweza kuukataa kwa sababu nzuri. Ila tazameni: katika duka lilelile michezo ya kupigana risasi ilibaki. Kufyatulia watu risasi kwenye mandhari ya kubuni kulikubalika. Kuonyesha kwa kikatuni mtoto anayelazimishwa kuchimba madini ya simu hakukukubalika. Anayeamua nini kihesabiwe kuwa jeuri anaamua pia nini kisionekane.

Je, michezo inazaa wauaji?

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu watu wanapenda kusema mengi. Mwezi wa Machi 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilirudia msimamo wake: kuna uhusiano mdogo kati ya michezo ya jeuri na ukali kama kupiga kelele na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema michezo hiyo inasababisha jeuri kubwa. Makadogo wa mwaka 1996 na 1997 hawakutoka kwenye vibanda vya video. Kiongozi anayesema vibanda ndivyo vinavyojaza vikundi vya silaha anawapunguzia lawama wale wanaowachukua watoto.

Kwa hiyo sisemi "fungeni". Nasema mzazi aketi dakika kumi nyuma ya mtoto na kutazama. Nani anapigwa: anayepigana naye, au aliyekaa kwake? Kuna njia ya kushinda bila kuumiza? Aliyeanguka anafanyiwa nini? Mwaka 2023 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliwaomba wachezaji wa michezo ya vita wafuate sheria chache hata kwenye kioo: wasimpige aliyekwisha kuanguka, wasiwapige wasiopigana, wasilenge majengo ya raia, na watumie dawa kwa majeruhi wote. Vijana wa vibandani niliowaambia walicheka kwanza. Halafu wakaanza kubishana ni mchezo gani unakuruhusu kumtibu adui. Ubishi ule ulichukua karibu saa nzima, na ulikuwa mzuri kuliko mafundisho yangu.

Na sikilizeni pia. Kuna vitu ambavyo hakuna alama ya Ulaya wala ya Marekani inayoweza kuvipima. Mahali pamoja watoto walikuwa wakicheza mchezo wa kupasua mapovu ya rangi, ule ambao hata bibi angecheza. Mapovu mekundu waliyapa jina la kabila la majirani. Kila likipasuka walishangilia kwa jina lile. Kwenye kioo hapakuwa na jeuri yoyote. Jeuri ilikuwa kwenye benchi.

Mapatano kwenye kibanda kimoja

Jambo hilo la jina ndilo lililoleta mkutano katika mtaa mmoja ambamo tunafanya kazi. Wazazi wahami walidai kibanda kifungwe: "Huyu anafundisha watoto wetu kuua." Mwenye kibanda ni mwenyeji, na ni kijana wa kabila lingine. Rafiki zake walijibu kwamba wageni wanataka kumfungia mwenzao chakula cha nyumbani. Maneno yalianza kuchukua njia ambayo wote tunaijua. Shefu wa mtaa alikuwa na hekima ya kuwaita pande mbili kabla giza halijaingia.

Mwenye kibanda alianza kwa kusema hana mchezo wenye damu kwa watoto, na hakudanganya. Mama mmoja alijibu kwamba yeye hakuuliza damu, ameuliza kwa nini mwanawe anarudi nyumbani akihesabu vijiji alivyobomoa. Baba mmoja alilalamikia mlio: mabomu ya kwenye televisheni yanasikika mpaka kwenye hema ya jirani, na mtoto wake mdogo anajificha chini ya meza. Hilo la mlio halikuwa limemjia mtu yeyote akilini. Lilimalizwa palepale, sauti ipunguzwe na spika ya nje iondolewe, na kijana yule aliomba radhi bila kushurutishwa.

Walipatana pia juu ya saa. Asubuhi ni kwa wadogo: mpira, mbio za magari, matofali kwenye kiwango cha amani. GTA na michezo ya kupigana risasi ni baada ya saa kumi na mbili jioni, na asiyefikisha miaka kumi na sita haingii. Majina ya michezo na saa zake yameandikwa kwa mkaa kwenye katoni iliyotundikwa mlangoni, kwa Kiswahili, kwa sababu ya wazazi. Anayemwita adui wa kwenye kioo kwa jina la kabila lolote anapoteza zamu yake na pesa hazirudishwi. Sharti hili lilipendekezwa na mwenye kibanda mwenyewe.

Juu ya mchezo wa kuvamia vijiji hawakupatana. Vijana wanasema ni dama, kina mama wanasema ni uporaji, na shefu alikataa kuamua jambo asilolijua. Yule mama wa kwanza alisema basi afundishwe kuucheza, aone kwa macho yake kabla ya mkutano unaofuata. Mwenye kibanda amekubali kumfundisha bila malipo, asubuhi, kabla watoto hawajafika.